Chenso ya cc 55: funga baa ya inchi 18
Kama chenso yako ni ya kati, yaani injini ya cc 50 hadi 60, usiifunge baa (ule upanga wa chuma unaozungukwa na mnyororo) ya inchi 24 eti kwa sababu mti ni mnene. Kwenye mpaina itajikongoja, ila ukigusa mkaratusi mkavu utasikia injini inazama, mnyororo unapunguza mwendo na ncha ya baa inaanza kufuka moshi kwa kukosa oili. Mimi nafunga inchi 18. Gogo lenye unene wa inchi 30 nalikata upande mmoja, kisha nazunguka wa pili.

Ukibadili urefu wa baa nunua na mnyororo wake, wa zamani hautakaa. Halafu ielekeze ncha kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, vuta moto (ongeza kasi ya injini): mstari wa oili usipojichora pale, usianze kazi.