Somo: Kuvua chewa na changu kwa chambo cha mpira

Wakuu, habari za kazi. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimenunua vichambo vya mpira, nimevitupa mwambani siku nzima, sijapata kitu, nitajie rangi inayokamata." Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nazungumzia samaki wa chini: chewa, changu, kungu, na kolekole anayepita ukingoni akitafuta chakula. Maji ya pima 6 hadi 15 (pima moja ni karibu mita 1.8), boti ndogo au ngalawa, pwani ya Kigamboni kushuka Kimbiji. Anayevua pima 50 kwa vyuma virefu, hilo ni somo lingine.

Hatua ya 1, vifaa. Rodi fupi yenye mgongo, rili ya wastani, uzi wa kusuka wa paundi 30, na mbele yake nailoni ya paundi 50, urefu wa pima moja. Uzi wa kusuka hauvutiki, kwa hiyo kila kinachotokea chini unakipata mkononi. Nailoni ni kwa ajili ya mwamba: uzi wa kusuka ukisugua tumbawe, umekwisha.

Hatua ya 2, fundo. Lolote unaloweza kulifunga boti ikiyumba. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kisha livute kwa nguvu zako zote.

Hatua ya 3, kuvika chambo. Inchi 4 au 5, mkia wa kasia. Laza kwanza ndoano yenye kichwa cha risasi ubavuni mwa chambo, weka alama ya kucha pale itakapotokea ncha, ndipo uchome. Ncha itokee katikati ya mgongo. Chambo kikikaa kimepinda kitazunguka kama pia, uzi utajisokota, na samaki atakiangalia tu. Kiburute kidogo ubavuni mwa boti kabla hujakishusha: mkia unapiga kushoto na kulia, mwili umesimama wima. Kikilala upande, kivue ukivike upya.

Hatua ya 4, uzito. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, na hapa ndipo karibu kila anayeniandikia anapoharibu. Nilipoanza niliambiwa kichwa chepesi hufanya chambo kiogelee kama samaki wa kweli. Nikatoka siku ya bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiwa wa siku 15, na vichwa vya gramu 14, kwenye pima 10. Naachia uzi, unatoka, unazidi kutoka, nami nadhani kina kimeongezeka. Kumbe mkondo umeushika uzi katikati na kuupinda kama upinde, na chambo kimeshalala kitambo ndani ya tumbawe. Nikikaza, kimenasa. Nilikata vichwa 11 kabla ya adhuhuri. Vyote viko kule chini mpaka leo, risasi na mpira, na jambo hilo bado linaniuma. Mbele ya boti alikaa mzee na mshipi wake wa mkono na chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi), anatoa changu mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akanishika mkono, akauweka uzi wangu juu ya kidole cha shahada, akasema: "Sikiliza hapa. Usipoisikia chini, huvui." Niliuacha pale. Sikusikia kitu.

Basi kipimo ni hicho: kichwa kiwe kizito kiasi cha kukupa "tk" kikigusa chini, na uzi ukae karibu na wima. Maji mafu, yenye mkondo mdogo, pima 6, gramu 14 hadi 21 zinatosha. Pima 10, gramu 28 hadi 40. Maji ya bamvua yakikimbia, gramu 60, au tulia usubiri yasimame. Kwetu siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Kile kipindi kifupi yanapotulia kati ya kujaa na kupwa ndicho kipindi chako.

Tahadhari, tafadhali zisomeni. Uzi ukilala kuliko kusimama, pandisha, badilisha kichwa. Usiachie uzi bila kuhesabu: gramu 40 yangu hufika pima 10 kwa hesabu ya 20 hivi. Nikifika 30 na uzi bado unatoka, najua mkondo umeshaubeba uzi njiani, napandisha. Na uzi ukisimama nikiwa kwenye 12, hiyo si sakafu. Ni samaki amekipokea chambo hukohuko juu. Kaza!

Hatua ya 5, gusa, ondoka. Kikigusa tu, inua kwa kimo cha mkono, kisha kishushe uzi ukiwa umenyooka. Usikiache kikalala. Wengi huchukua chambo kinaposhuka, na uzi uliolegea haukuambii lolote. Chewa hadonoi kama kikande, yule samaki mdogo wa meno makali. Hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na chambo, kwa hiyo unachosikia ni uzito uliokuja wenyewe, au uzito uliopotea.

Hatua ya 6, pima 2 za mwanzo. Akishika, chewa hageuki kukimbia bahari kuu. Anarudi pangoni, anatanua mashavu na mapezi, na hapo humtoi. Breki ya rili iwe imefungwa karibu yote tangu mwanzo, umwondoe chini kabla hajageuza kichwa. Akiingia pangoni, usivutane naye. Legeza uzi kabisa, subiri dakika chache, mara nyingine hutoka mwenyewe.

Maswali

Wa Bagamoyo: Mkuu, somo zuri sana. Sasa rangi gani ndiyo nzuri?

Jibu: Rudia hatua ya 4. Ukiweza kugusa chini mara 20 bila kunasa, rudi tuongee rangi.

Wa Tanga: Nimetumia gramu 10 pima 12, siku mbili, sijapata hata mkundaji. Hivi vitu ni biashara tu ya kutuuzia plastiki.

Jibu: Gramu 10 kwa pima 12 haikufika chini, ndugu. Nimeandika uzito kwa tarakimu ili tusifike hapa. Nenda na gramu 40, maji yakiwa yametulia, kisha uje na malalamiko.

Wa Kilifi: Shikamoo kaka. Mimi navua na mume wangu. Nimeona kweli wanachukua kikishuka, lakini kwa nini? Ningekuwa samaki ningekimbiza kinachopanda.

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Chewa ni mviziaji. Amekaa mlangoni pa pango, hatumii nguvu kukimbiza. Kiumbe anayeruka kisha kuzama anafanana na aliyeumia au kamba anayerudi kujificha, na anamwangukia karibu na kinywa. Kolekole ni kinyume chake, huyo umkimbizie juu. Kwa hiyo kila baada ya miguso mitano au sita, mimi huzungusha rili haraka pima 3 kwenda juu, kisha naachia tena. Jaribuni ukingoni, mniambie.

Wa Kigamboni: Nikisogea karibu na Mbudya naona miamba mizuri sana. Kuna tatizo?

Jibu: Kuna. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, hakuna kuvua. Usiwapeleke na wenzako.

Wa Pemba: Sina rodi. Mshipi wa mkono nikiufunga kichwa cha risasi na mpira, utafaa?

Jibu: Utafaa sana, na wewe unaanza na kidole kilichokwishafundishwa, wenye rodi wanakitafuta. Tumia nailoni ya paundi 60 ili isikukate, na vaa mpira wa kidole. Kazi yote ifanye kiwiko: inua, shusha, sikiliza. Ukiona mkia umekatwa safi kama kwa mkasi, chini yako kuna kikande au bunju. Hama, utamaliza vichambo. Bunju akipanda, mrudishe, sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Wa Muscat: Huku chewa tunamwita hamuri, na hii ndiyo njia yetu siku za Ijumaa. Tatizo langu ni boksi. Nilifungua juzi nikakuta vichambo vimegeuka uji.

Jibu: Umechanganya aina. Vile vinavyovutika sana kama mpira wa manati vikilala pamoja na vya kawaida, vinayeyushana. Kila aina ibaki kwenye pakiti yake. Na usiviache ndani ya gari juani, kwa joto la huko hata vya aina moja vitapinda, na kilichopinda tumeshasema kitazunguka. Vilivyoharibika rudi navyo nchi kavu. Samaki huvimeza na haviozi tumboni.

Wa Kilifi: Kaka, moja la mwisho. Tukitoa chewa pima 12 na zaidi, wengine wanapanda na tumbo limetoka kinywani. Tukimrudisha mdogo anaelea tu, ndege wanamla. Tufanyeje?

Jibu: Hewa ya ndani imetanuka alipopanda. Lile tumbo msilitoboe, wengi hutoboa wakidhani wanasaidia. Chukueni chubwi la kilo moja, funga juu yake ndoano kubwa iliyominywa jino kwa koleo, ncha ikitazama chini, na kamba itoke kwenye mpindo wake, juu. Ipitisheni kwenye ngozi nyembamba ya mdomo wa chini, mshusheni taratibu hadi sakafuni, kisha vuta kamba ghafla, ndoano itachomoka. Kina kimemrudisha hali yake. Na wale wakubwa kabisa warudisheni pia mkiweza: chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wanakuwa madume wakishakua, kwa hiyo ukitoa wakubwa wote mwamba unabaki na majike matupu. Chubwi langu la kazi hiyo nalifunga upande wa nyuma wa boti, kamba ikiwa imekunjwa tayari, maana samaki akiwa juani hakuna muda wa kutafuta koleo.