Lisha sato kwa saa yake: namna ya kupanga muda wa chakula bwawani

Wafugaji tukikutana tunabishana kuhusu chakula: kina protini kiasi gani, mfuko bei gani, kinaelea au kinazama. Saa ya kulisha haiguswi. Mtu analisha leo saa mbili, kesho saa sita kwa sababu alikuwa msibani, na ilimradi kilo zimetimia anaona mambo yako sawa. Hayako sawa, kwa sababu tumbo la samaki lina ratiba yake.

Mfano mzuri uko hapahapa kwetu. Katika Ziwa George, Uganda, mtafiti Moriarty aliwachunguza sato wanaokula mwani, akachapisha matokeo mwaka 1973. Aliona kwamba asidi ya tumboni haikai kiwango kimoja kutwa. Usiku samaki hali, asidi inashuka. Asubuhi akianza kula inapanda taratibu, na ikishakolea pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) hushuka hadi karibu 1.4. Mwani wa kwanza kumezwa, kabla asidi haijakolea, ulipita na kutoka ukiwa bado kijani. Majaribio ya samaki wa dhahabu nayo yalionyesha kuwa wakilishwa saa ileile kila siku, kimeng'enya cha kusaga wanga huanza kupanda kabla chakula hakijafika. Waliolishwa ovyo hawakuwa na maandalizi hayo.

Hatua ya 1: Yasome maji kabla ya kupanga saa

Oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza, na hufika juu alasiri. Samaki akishakula anahitaji oksijeni zaidi kwa saa kadhaa ili asage chakula. Kwa hiyo kulisha alfajiri ni kumwongezea mzigo wakati hana pumzi, na kulisha magharibi ni kumpelekea kazi usiku. Pima joto pia. Sato hula vizuri kwenye nyuzi 26 hadi 30. Chini ya 20 hamu hupungua sana.

Hatua ya 2: Chagua nyakati mbili za kulisha, uziandike

Kwa sato wa gramu 100 na kuendelea, mimi napendelea saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kwenye maji ya nyuzi 28 hivi, hamu ya sato hurudi baada ya muda wa saa nne au zaidi kidogo. Ukimwongezea kabla ya hapo atakula, maana sato ni mlafi, lakini chakula kipya kitakisukuma cha zamani kabla hakijasagika. Pesa yako inatoka kama kinyesi. Vifaranga wana matumbo madogo yanayokwisha chakula haraka, hao wape mara nne au zaidi kwa siku.

Hatua ya 3: Gawa kilo, asubuhi iwe pungufu

Tuseme una sato 1,000 wa gramu 150. Jumla ni kilo 150. Kwa asilimia 3 ya uzito huo, chakula cha siku ni kilo 4.5. Toa kilo 2 asubuhi na kilo 2.5 alasiri, tumbo likiwa limeshachangamka na maji yana oksijeni. Punje za kuelea zikibaki juu baada ya dakika 20, punguza.

Hatua ya 4: Shikilia saa na mahali

Simama upande uleule wa bwawa, kwa saa ileile. Baada ya siku kadhaa utawaona wanakusanyika pale kabla hujafika na ndoo. Wasipokusanyika, ama ratiba yako inayumba, ama maji yana tatizo. Usiwarushie chakula kabla hujajua ni lipi.

Hatua ya 5: Pasua uone

Hii wengi huiruka, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ukivua wa mboga, chukua mmoja kabla tu ya mlo wa asubuhi na mwingine muda wa saa moja au mbili baada ya mlo. Fungua tumbo polepole, usitoboe nyongo. Kwa aliye na njaa, nyongo imejaa, imevimba, kijani iliyokolea. Kwa aliyekula, imenywea kwa sababu imemwagwa kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta. Kisha fungua mfuko wa tumbo. Ukikuta uji wa punje kwa yule wa asubuhi, mlo wa jana ulikuwa mkubwa mno, ulichelewa, au maji yamepoa. Ukikuta tope la kijani usishtuke: huo ni mwani wa bwawani, hajala chakula chako.

Hatua ya 6: Ukilazimika kuhamisha saa, hamisha kidogokidogo

Sogeza nusu saa, subiri siku chache, sogeza tena. Siku ya mawingu mazito usihamishe mlo hadi jioni. Punguza kiasi au uache kabisa. Sato mkubwa hadhuriki kwa kukosa chakula siku moja.

Wenye kambare, msinakili saa hizi: kambare hupenda kula gizani, na mlo wa jioni unamfaa.

Siku ya kuvuna au kusafirisha samaki hai, simamisha chakula saa 24 kabla, ili utumbo uwe mtupu na maji ya tangi yasichafuke njiani.