Kabla Hujamkimbiza Mgonjwa Hospitali: Mambo ya Kuandaa Nyumbani

Mtu akianguka ghafla nyumbani hapa Dar es Salaam, watakaomhudumia kwanza ni wale waliomo humo ndani: mama, dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha pili. Gari la wagonjwa likipatikana ni heri, lakini foleni ya Barabara ya Mandela jioni haimjui mgonjwa. Maandalizi yafanyike sasa, wakati wote mko wazima.

Anzeni na geti. Nyumba nyingi za kupanga hufungwa usiku na ufunguo hubaki kwa mtu mmoja. Akisafiri, nani mwingine anao? Nimelitanguliza geti mbele ya sanduku la dawa kwa makusudi, maana dakika za thamani hupotea watu wakigonga dirisha la mwenye ufunguo huku mtoto anakakamaa kwa degedege.

Halafu usafiri. Tafuta madereva wawili wa bajaji au teksi wanaolala jirani, uwaulize kabisa kama wanapokea simu usiku wa manane. Bodaboda inamfaa anayeweza kujishikilia mwenyewe. Aliyepoteza fahamu, au aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo, msimpakie mshikaki katikati ya watu wawili. Aliyeumia shingo au mgongo alale chali, kichwa kimeshikwa kisiyumbe, na aliyepoteza fahamu bila kuumia hivyo lakini anapumua alazwe ubavu, mpaka ipatikane gari ya kumlaza.

Mjue pia mnaelekea wapi. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, si lazima kila mtu akimbilie Muhimbili. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya Msimbazi huifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, kwa hiyo mkazi wa Magomeni awe ameshaamua kwenda Mwananyamala. Wa Kigamboni asisubiri panton wakati Daraja la Nyerere lipo.

Namba ziandikwe ukutani kwa kalamu nene, kwa sababu simu ya mgonjwa mwenyewe huwa imefungwa kwa nywila. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba 115 hupigwa bure kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, ili wapatiwe usafiri. Chini yake andika jina la mtaa na namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani ya makazi kilichowekwa kwenye operesheni ya 2022. Mtu aliyepaniki husahau hata anakoishi.

Sanduku lenyewe halihitaji fedha nyingi: glovu, gauzi, bandeji, plasta, mkasi, kipimajoto, parasetamo, pakiti za ORS na tochi yenye betri nzima. Antibayotiki zilizobaki msiziweke humo.

Kwenye moto nitakaa kidogo, kwa sababu majiko yetu yako chini. Jiko la mkaa liko koridoni, sufuria ya uji inachemka, mtoto anajifunza kutembea. Liinulieni jiko mahali, au jengeni kizuizi. Akiungua, kinachotakiwa ni maji ya kawaida yanayotiririka juu ya kidonda kwa dakika 20, na hata kama zimepita dakika kadhaa bado yanasaidia. Maji ya bomba ni ya mgao, kwa hiyo ndoo yenye mfuniko na kopo vikae tayari siku zote. Mvue nguo na bangili kabla hajavimba, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi msiivute. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta, unga wa ngano, barafu: hapana, hata akishauri bibi tunayemheshimu. Vitu hivyo huongeza madhara, na vingine daktari atalazimika kuvisugua kwenye kidonda kibichi. Baada ya maji, funika kwa kitambaa kisafi bila kukaza, mpelekeni.

Mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe wala kumpa maziwa, kwa sababu akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kimbieni naye hospitali, na chupa mwende nayo.

Mwenye degedege alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, na mmoja aangalie saa. Kijiko mdomoni kinavunja meno. Ikizidi dakika 5 ni dharura kubwa, lakini hata ikiisha mapema mtoto apelekwe akapimwe malaria. Damu ikitoka kwa nguvu, bana jeraha kwa kitambaa kisafi na usifunue kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Kukandamiza kifua cha mtu asiyepumua ni kazi ya mikono, haijifunzwi kwa kusoma tu. Mtu mzima hukandamizwa katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza; angalau mmoja kwa kila nyumba aende, na dada wa kazi asiachwe, kwa sababu mchana kutwa ndiye yuko na watoto.

Mwisho ni bahasha. Iwe na nakala ya kadi ya bima, kadi za kliniki za watoto, na karatasi yenye majina ya dawa ambazo wazee wanameza za presha na sukari, pamoja na dawa zinazowadhuru. Kwa ajali ya barabarani au mtu aliyepigwa, hospitali itaulizia PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi: mmoja apitie kituo cha polisi kuichukua wakati wengine wanaendelea na mgonjwa. Pamoja na bahasha kaeni na akiba ya nauli taslimu, kwa sababu usiku wakala wa fedha za simu amefunga.