Kumtunza Mbwa Mgonjwa Kabla Ugonjwa Wake Haujajulikana

Mbwa anapozidi kudhoofika huku vipimo vikirudi bila jibu, mwenye mbwa hubaki njia panda, kwa maana hajui atibu nini wala ajiandae kwa lipi. Hata hivyo kazi ipo, na sehemu kubwa hufanyika nyumbani: daktari wa mifugo humwona mbwa kwa dakika chache, mara nyingi akiwa ameingiwa na hofu, ilhali wewe humwona anavyolala, anavyokula na anavyoinuka asubuhi.

Anza na daftari. Andika kila siku, pamoja na saa, alichokula na kiasi chake, dawa alizopewa, na hali ya mkojo na kinyesi. Ukiandika kwamba ametapika, hakikisha kweli ametapika. Mbwa anayetapika hukaza tumbo na kujikamua kwa nguvu. Anayecheua huinamisha kichwa tu, na chakula kikaanguka bila kusagika. La kwanza humfanya daktari afikirie tumbo, figo au ini, na la pili humwelekeza kwenye umio, kwa hiyo neno lisilo sahihi linaweza kupoteza wiki nzima. Tukio la ghafla, kama kutetemeka au kuanguka, lirekodi kwa simu.

Vipo pia vya kuhesabu. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 za maji kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake anakunywa kupita kiasi, na hilo huweza kutokana na kisukari, figo au homoni. Akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi zake, kifua kupanda na kushuka kikiwa pumzi moja. Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, mpigie daktari. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile.

Kipimo kisichoonyesha kitu hakimaanishi kwamba hakuna kitu. Vijidudu vya babesia, vinavyoenezwa na kupe, vinaweza kukosekana katika tone moja la damu na kuonekana katika jingine, na kipimo cha kingamwili kinaweza kutoonyesha kitu maambukizi yakiwa bado machanga. Ugonjwa wa Addison, unaotokana na tezi za adrenali kupungukiwa na homoni, huja na kuondoka na kufanana na maradhi ya tumbo au ya figo. Kwa hiyo kurudia kipimo si lazima kuwe ubabaishaji. Muulize daktari anashuku magonjwa gani, kipimo anachopendekeza kitatenganisha lipi na lipi, na kama matokeo yatabadilisha matibabu. Kwangu mimi swali hili la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa sababu huzuia mbwa kusumbuliwa na fedha kumalizika bila faida. Omba nakala za majibu yote. Utazihitaji ukitafuta maoni ya daktari mwingine, jambo ambalo ni haki yako wala si utovu wa adabu.

Usibadilishe chakula na dawa kwa wakati mmoja, maana hutajua kilichosaidia. Usimpe ibuprofeni, diklofenaki wala paracetamol za binadamu, kwani zinaweza kumuua. Prednisoloni nayo, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, ikitolewa kabla ya kuchukua sampuli, inaweza kuficha saratani ya tezi za limfu, hivyo uliza kwanza.

Usisubiri miadi fizi zikiwa nyeupe, tumbo likivimba huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, mkojo ukiziba, au degedege likizidi dakika 5. Hiyo ni dharura hata usiku wa manane.

Kaeni kama familia, mapema na kwa utulivu, mkubaliane kuhusu kiasi cha fedha mnachoweza kutumia na kiwango cha mateso ambacho hamtakivuka. Wekeni alama kwenye kalenda kwa kila siku njema na kila siku mbaya, kwa sababu kumbukumbu ya mwenye huzuni huyumba. Siku mbaya zikizidi na maumivu yakakataa kutulizwa, inaruhusiwa kuamua apumzishwe kwa sindano hata kama jina la ugonjwa halijapatikana. Muulize daktari mapema jinsi inavyofanyika, kama atampa dawa ya usingizi kwanza, na kama mnaweza kuwa naye hadi mwisho.