Kupima kingamwili za saratani kwa mgonjwa aliyeanza kuyumba

Saratani iliyojificha huweza kuuchochea mfumo wa kinga uharibu serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo; kingamwili hizi ni alama ya hali hiyo.

1. Chagua mgonjwa. Anayefaa ni yule anayeyumba kama mlevi, ulimi mzito, kidole kikikosa pua, na yote yameanza ndani ya miezi mitatu. Aliyezorota polepole kwa miaka mitano mara nyingi ana ugonjwa mwingine. Ulizia pombe na fenitoini (dawa ya kifafa), pima VVU, piga MRI. Mwanzoni MRI huweza kuwa safi kabisa, isikutulize.

2. Chukua sampuli mbili. Damu ml 5 kwenye chupa ya seramu, na maji ya uti wa mgongo ml 2. Zichukue kabla ya imunoglobulini ya mshipani: dawa hiyo hubeba kingamwili za wachangiaji damu, na majibu yatakudanganya. Damu ikishaganda, tenga seramu, hifadhi kwenye 2–8°C.

3. Omba kundi zima la kingamwili, usiombe moja moja. Kingamwili ya Yo huelekeza kwenye titi au ovari, Hu kwenye mapafu (saratani ya seli ndogo), Tr kwenye limfoma ya Hodgkin, Ma2 kwa kijana wa kiume kwenye korodani. Ongeza Ri na CV2. VGCC (kingamwili dhidi ya mifereji ya kalsiamu ya seli) hupimwa kwa njia nyingine, kwa hiyo iandike peke yake kwenye fomu.

4. Thibitisha. Hapa ndipo wengi huteleza. Maabara nyingi hutumia utepe wenye mistari ya protini, na mstari hafifu wa Yo hujitokeza hata kwa mtu asiye na saratani. Sababu moja: tepe nyingi zina protini ya CDR2 pekee, ilhali shabaha kuu ya Yo ni protini ndugu yake, CDR2L. Dai seramu ileile ipimwe kwenye kipande cha serebelamu ya panya. Kwa hadubini, Yo ya kweli huwaka kwenye saitoplazimu ya seli za Purkinje (nyuroni kubwa za serebelamu). Hu huwaka kwenye viini vya nyuroni. Utepe ukisema ndiyo na tishu ikakaa kimya, usimwambie mgonjwa ana saratani.

5. Tafuta uvimbe. CT ya kifua, tumbo na nyonga. Kwa mwanamke ongeza mamografia na altrasaundi ya nyonga. Zikiwa safi, PET (picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, kama za uvimbe). Bado hakuna kitu? Rudia kila miezi 4–6 kwa miaka miwili. Kingamwili zisipoonekana, saratani haijaondolewa orodhani.

Matibabu yasingoje majibu, maana seli za Purkinje zikifa hazirudi. Wala usipime kiwango cha kingamwili kila mwezi: hakifuati hali ya mgonjwa. Fedha hiyo ilipie CT inayofuata.