Somo: Kuonja boki ya pipa yenye hopsi nyingi na kuipa alama, kwa sisi wa joto la Tanga

Wakuu, kila chupa ya boki ikiingia Tanga kwenye begi la mtu, naulizwa lile lile: "Hii bia ni tamu, chungu, inanuka mbao, niipe ngapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza mjue mnachoonja. Boki ni laga nzito ya Ujerumani. Asili yake ni mji wa Einbeck, kisha wapika bia wa Munich wakaichukua na kuifanya yao. Kilevi chake cha kawaida ni asilimia 6.3 hadi 7.2, na mwenye nyumba ni kimea: ganda la mkate uliookwa, sukari guru, pengine tende. Hopsi, yaani maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, huwa chache, za kuzuia utamu usikinaishe tu. Hii yetu imeongezewa mambo mawili: imelazwa kwenye pipa la mwaloni lililotoka kwenye wiski, na imetiwa hopsi kwa wingi. Kwa hiyo swali unalokwenda nalo mezani ni hili: baada ya pipa na hopsi, kimea bado kinasikika? Alama zote zinazunguka hapo.

Hatua ya 1. Simamisha chupa wima kwenye friji siku nzima, hamira ishuke chini. Isikae dirishani.

Hatua ya 2: joto la bia. Hapa someni polepole. Baa tumezoea kuulizwa "ya baridi au ya moto?", na boki ya pipa haitaki yoyote kati ya hizo. Ikitoka friji ikiwa nyuzi 4 hivi, harufu imelala, utamu hausikiki, uchungu unabaki peke yake, nawe utaandika "chungu tupu" juu ya bia isiyo na kosa. Ukiiacha mpaka ifike joto la sebule zetu, nyuzi 30, kilevi kinapanda puani na utamu unalemea. Inataka nyuzi 8 hadi 12. Mimina theluthi ya glasi, subiri. Kwa Tanga mjini dakika 10 zinatosha. Lushoto wakati wa baridi, subiri zaidi. Onja mara ya kwanza ikiwa baridi bado, onja tena ikishapata joto, andika zote mbili, lakini alama zitoke kwenye onjo la pili.

Onyo: friza hapana. Chupa nzuri imeshaharibikia mikononi mwangu hivyo hivyo, kwa "nusu saa tu". Maji ndiyo yanaganda kwanza. Kilevi na sukari vinabaki kwenye kimiminika, kwa hiyo unachomimina ni bia nyingine, kali na nzito kuliko iliyopikwa. Wajerumani huifanya kazi hiyo makusudi, barafu wakaitoa, na bia inayopatikana huitwa aisiboki, ina daraja lake. Ya kwako itakuwa ajali. Chupa inaweza kupasuka, na hata isipopasuka, ikiyeyuka gesi imepungua na povu halisimami. Bia iliyoganda usiipe alama kabisa, kwa sababu utakuwa unamhukumu aliyeipika kwa kosa la friza yako.

Hatua ya 3. Glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ya mvinyo inafaa. Isuuze mpaka harufu ya sabuni iishe, iache ikauke yenyewe.

Hatua ya 4. Chumba kisiwe na harufu. Nyumba zetu zina udi, ubani, samaki wa kukaanga, na vyote hivyo vinashinda hopsi. Pilipili usile kabla. Maji na mkate mkavu mezani, basi.

Hatua ya 5: macho, alama 3. Futa jasho la glasi kwanza, maana unyevu wa pwani unaifanya kila bia ionekane na ukungu. Angalia rangi, na povu lidumu kiasi gani.

Hatua ya 6: pua, alama 12. Nusa kabla hujaonja. Kwenye pipa tafuta vanila, nazi, wiski kidogo. Kwenye hopsi, kama ni za Marekani, tafuta ganda la chungwa, danzi, balungi, utomvu. Zikiwa za Ujerumani, majani na maua. Kisha tafuta makosa. Boksi lililolowa maana yake hewa imeingia au bia imezeeka. Mahindi ya kuchemsha au siagi ni makosa ya upishi. Siki katika boki ni kosa, isipokuwa lebo imesema uchachu umekusudiwa. Harufu ya kicheche ni mwanga: jua limekutana na hopsi. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo sana, nyeupe haikingi. Ndiyo maana sitaki mtu aniambie ameonja Raskazone ufukweni saa saba mchana.

Hatua ya 7: ladha, alama 20. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, meza. Usiteme, kwa sababu uchungu wa hopsi husikika vizuri baada ya kumeza. Na hapa tenganisheni vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Uchungu husikika kwenye ulimi kisha huondoka. Ukakasi hukausha fizi na mashavu, kama umekula bibo. Uchungu ni wa hopsi na una haki ya kuwepo. Ukakasi mara nyingi ni wa mbao, na ukizidi, pipa limekaa na bia kupita kiasi. Vikija pamoja bila kimea cha kuvibeba, punguza alama bila huruma.

Hatua ya 8: mwili wa bia, alama 5. Uzito, gesi, joto la kilevi kooni. Joto sawa, kuchoma hapana.

Hatua ya 9: picha nzima, alama 10. Jumla 50, mgawanyo ule ule wa waamuzi wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuwapima na kuwathibitisha waamuzi wa bia. Kwao 38 hadi 44 ni bora sana, 45 kwenda juu ni ya kipekee, na 30 ni bia nzuri sana. Acheni kugawa 48 kila wiki.

Chupa moja igawaneni watu watatu au wanne. Mwenye gari asionje.

MASWALI

Kijana wa Ngamiani: Mkuu somo zuri. Sasa kwenye friza niiweke dakika ngapi?

Jibu: Rudi hatua ya 2.

Mwana Chumbageni: Nimekunywa yangu chupani, naipa 50/50.

Jibu: Umenusa nini? Umeona rangi gani? Mdomo wa chupa hauna nafasi ya pua. Umeifurahia, vizuri, lakini hiyo namba usiiweke kwenye orodha yetu.

Fundi Redio: Samahani kaka, kwa nini watumie pipa la wiski na si pipa jipya? Na yangu imekaa miaka miwili, hopsi sizisikii kabisa. Pipa limezila?

Jibu: Swali zuri hili. Burboni, wiski ya Marekani, kisheria hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Likishatumika halirudi kwenye burboni, linauzwa, na wapika bia ni wateja wakubwa. Mwaloni mpya una nguvu nyingi, ungeimeza laga. Uliotumika umeshatoa ukali wake ndani ya wiski, umebaki na vanila na nazi ya kiasi. Kuhusu hopsi, harufu yake hupotea kwa muda, na pipa linataka miezi. Ndiyo maana anayejua kazi hutia hopsi za harufu mwishoni, bia ikishatoka kwenye pipa. Ya kwako imezeeka tu. Soma tarehe ya kujazwa chupa, kisha ionje kama boki ya pipa ya kawaida, utaipenda. Andika umri wake kwenye karatasi ili mwingine asiilinganishe na changa.

Mzee wa Mkwakwani: Bia ni bia. Mnajitia wazungu.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Mgema akionja tembo akakuambia limekaa tangu asubuhi, humwambii anajitia mzungu. Kuonja ni kazi ya ulimi, na ulimi kila mtu anao.

Fundi Redio: Naweza kutia vipande vya mbao kwenye laga ya dukani nipate ladha ya pipa?

Jibu: Mbao za fundi seremala usiguse kabisa, nyingi zina dawa, na miti mingine yenyewe ina sumu. Ukipata vipande vya mwaloni vilivyotengenezwa kwa vinywaji, weka kidogo kwenye jagi lililofunikwa friji siku moja. Gesi itapungua, lakini utajifunza ukakasi wa mbao unavyosikika. Kwa kujifunza tu inatosha.

Binti Muheza: Mie pombe situmii, lakini nimefanya kazi ya kuonja chai huku Amani. Sisi tunavuta kwa kishindo, chai isambae mdomoni, harufu ipande puani kwa nyuma, kisha tunatema. Hilo la kuvuta linafaa kwenye bia?

Jibu: Ahsante sana dada, wengine wasomeni huyu. Kuvuta kunafaa, ila kwa upole, gesi itakupalia. Zaidi ya kuvuta, meza kisha toa pumzi puani mdomo ukiwa umefumba. Vanila ya pipa hujitokeza hapo hapo. Na mazoezi ya chai ni mazuri kwa kila mtu: chemsha rangi nzito isiyo na sukari, ishike mdomoni. Huo ukakasi wa chai na wa mwaloni ni ndugu, vyote ni tanini, kile kitu cha kwenye mimea kinachokausha mdomo.

Mzee wa Mkwakwani: Marahaba. Basi tembo la mnazi nalo tulipe alama kwa karatasi hiyo?

Jibu: Kwa hiyo hapana mzee, halina hopsi wala kimea, utalionea. Tembo linaanza kuchacha likiwa bado linadondoka kwenye kibuyu. Asubuhi tamu, jioni kali, likilala linaelekea siki. Fungua karatasi yake: utamu, uchachu, gesi, harufu ya kibuyu. Juu kabisa andika saa lilipogemwa na saa ulipoonja, bila hizo mbili alama haina maana. Ukiianza niite, nami nije na kikombe changu.