Jinsi ya kukiona kituo cha anga kikikatiza juu ya Mwanza

Mtu akikosa kukiona Kituo cha Kimataifa cha Anga kutoka Mwanza, mara nyingi kosa si la mawingu. Ni saa aliyotoka nje, au namba aliyoandika kwenye simu. Chenyewe hakihitaji darubini: kikipita juu vizuri kinang'aa kuliko sayari ya Mshtarii (Jupita) na kinaikaribia Zuhura.

Tuanze na saa. Kituo hakina taa inayofika kwetu. Tunachoona ni jua likipiga kwenye paneli zake. Kwa hiyo huku chini giza liwe limeingia, na kule juu, kilomita kama 420, jua liwe bado linawaka. Hapa karibu na ikweta jua linazama wima, hivyo nafasi ni finyu: kikiwa utosini, kituo kinaonekana kuanzia dakika kama 25 baada ya jua kuzama hadi dakika kama 80. Mwanza jua huzama kati ya saa 12:40 jioni hivi (mwanzoni mwa Novemba) na saa 1:10 (katikati ya Februari). Alfajiri hesabu ni ileile kwa kinyume. Na kwa kuwa mzunguko mmoja unachukua dakika kama 93, ni nadra kupata mipito miwili mizuri jioni moja. Ukichelewa kwa sababu ya chai, umeukosa.

Ratiba ichukue kwenye tovuti ya Heavens-Above au programu ya simu kama ISS Detector. Kwenye eneo andika -2.52 kwa latitudo na 32.90 kwa longitudo. Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayowaponza wengi. Ukiisahau, programu inakuweka karibu na Lira, kaskazini mwa Uganda, kilomita kama 560 kutoka ulipo, na kila saa na kila upande utakaopewa ni wa watu wa huko. Kosa la pili ni saa za eneo: hakikisha imewekwa UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, la sivyo utatoka saa tatu kabla au baada. La tatu ni kutumia ratiba ya wiki iliyopita. Kituo hupandishwa kimo mara kwa mara kwa injini, na baada ya hapo ratiba ya zamani inapotoka kwa dakika moja au zaidi. Iangalie upya siku yenyewe.

Chagua mpito unaofika kimo cha nyuzi 40 au zaidi. Kupima angani, nyoosha mkono: ngumi yako ina upana wa nyuzi kama 10, kwa hiyo ngumi nne kutoka upeo wa macho. Mpito wa nyuzi 15 achana nao. Vilima vya mawe vya mjini na ukungu wa ziwani vitaumeza. Kwenye safu ya mwangaza ya ratiba, namba ikiwa chini ya sifuri ndiyo nzuri, na -3 ni bora kuliko -1.

Kituo hutokea kusini-magharibi kikielekea kaskazini-mashariki, au kaskazini-magharibi kikielekea kusini-mashariki. Hakitoki mashariki kamwe. Hii ni bahati yetu, maana jioni kinaibukia upande wa ziwa. Simama Capri Point au popote ufukweni penye uwazi upande wa magharibi, taa za barabarani zikiwa mgongoni, na simu uizime kioo dakika kumi kabla. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hujaa ziwani kama nyota zilizoanguka. Anayeanza huzikodolea macho akidhani moja itapanda. Hazipandi.

Kinachokuja ni nukta nyeupe isiyopepesa, inayokwenda bila kuyumba. Ikiwa inawakawaka nyekundu na kijani, hiyo ni ndege. Nukta ya kituo ikiwa chini inaonekana kujivuta, lakini utosini inakimbia karibu nyuzi moja kila sekunde, hivyo picha ya simu ya sekunde 10 juu ya stendi itatoa mstari wa urefu wa ngumi moja. Mpito mzuri ni dakika kama sita. Jioni usishangae kikikata njiani upande wa mashariki: kinageuka rangi ya chungwa, kisha kinazimika ndani ya sekunde chache. Kimeingia kwenye kivuli cha Dunia.

Siku wanaanga wanaposafiri kwenda huko kuna la ziada. Chombo chao huanzia mzingo wa chini zaidi, na cha chini huzunguka haraka, ndiyo namna kinavyokifikia kituo. Kikiwa bado nyuma, utaona nukta ya pili hafifu ikifuata njia ileile. Chukua darubini ya mikono. Hesabu sekunde kati ya nukta hizo mbili, zidisha kwa 7.7, umepata umbali wao kwa kilomita. Pengo likiwa dakika 10, tazama magharibi kidogo ya njia ya kituo, kwa sababu Dunia imeshazunguka nyuzi 2.5. Crew Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX ya Marekani, inatupa nafasi zaidi. Safari yake ya kwanza yenye watu, Mei 2020, ilichukua saa kama 19. Soyuz MS-17, chombo cha Urusi, Oktoba mwaka huohuo, ilifika kwa saa tatu na dakika chache. Kwa Soyuz ya namna hiyo, usipoteze usiku wako.

Mawingu ya masika yakikataa, kuna redio ya kuwasikiliza waliomo kituoni, ambayo haijali giza wala mvua. Unahitaji redio ya mkononi ya VHF kwenye 145.800 MHz, FM, skwelchi (kinachonyamazisha mvumo) ikiwa imezimwa. Wanaanga wanapoongea na wanafunzi wa shule utasikia upande wao tu, kwa kuwa wanafunzi hutumia masafa mengine. Kutuma kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa hiyo usiguse kitufe cha kuongea. Kituo kikija anza na 145.805, kikiwa juu rudi 145.800, kikiondoka shuka 145.795, mwendo wake husogeza mawimbi kwa kilohezi kama 3.5 kila upande. Antena fupi ya mpira inasikia kidogo mno. Fimbo mbili za alumini za sentimita 49, zilizofunguliwa kama V ya nyuzi 120 na kuungwa kwenye waya wa antena ya TV, zinafanya kazi vizuri zaidi. Sauti ikififia katikati ya mpito, usikimbilie kubadili masafa. Zungusha antena taratibu, ilaze kisha isimamishe, mpaka sauti irudi.